Kufuli ya kadi haimsitiri bibi harusi



Minada ya korosho ikifunguliwa kule Lindi, kuanzia Oktoba hivi, familia za Nachingwea na Ruangwa nazo huanza kupanga harusi. Mwenye kilo zake kwenye chama cha msingi chini ya RUNALI (jina lenyewe ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zilizoungwa pamoja) hapo ndipo anapopata cha kulipia ukumbi, nguo na mpishi. Siku hizi mpiga picha naye yumo kwenye hesabu.

Huku visiwani tunawapokea mabinti wa kule wakiolewa kwetu. Wengine huja na picha zao kwenye fleshi. Wengine huja na ahadi tu, kwamba picha zitafuata. Na neno la kuwatuliza ni lile lile: msiwe na wasiwasi, kadi imefungwa, picha ziko salama.

Sisi neno hilo halituridhishi. Salama na nini?

Kadi ya kamera, ile kubwa ya SD, ina kidude kidogo cha plastiki ubavuni, upande wa kushoto ukiitazama lebo. Ukikishusha, kadi inafungwa. Maana yake ni kwamba kamera au kompyuta haitaandika kitu kipya humo wala kufuta kilichomo. Basi. Picha zinafunguka, zinatazamwa, na zinanakiliwa kwenye kompyuta yoyote hata mara mia. Tena ndani ya kadi hamna kufuli yoyote: kidude kile ni alama tu, mashine inaisoma na kuitii. Kikivunjika, mashine hudhani kadi imefungwa daima, na kipande cha selotepu juu ya pengo lake kinatosha kuifungua. Kinga inayoshindwa na selotepu si ya kumwekea bibi harusi.

Kuna kufuli ya pili, ya ndani ya kamera. Mpiga picha akipenda picha fulani huiwekea alama ya ufunguo ili asiifute kwa bahati mbaya. Hii huwasumbua dada zetu wakishafika nyumbani, kwa sababu picha ile ikinakiliwa kwenye kompyuta ya Windows mara nyingi huja na ulinzi wake. Unataka kuikata au kuiongeza mwanga, kompyuta inakataa, au inakulazimisha uihifadhi kwa jina jingine. Dawa yake ni nyepesi. Hakikisha kwanza nakala imo ndani ya kompyuta yenyewe. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, ondoa tiki palipoandikwa Read-only, kisha kubali iwe hivyo kwa faili zote zilizomo. Kadi usiiguse, iache imefungwa mpaka uwe na nakala mbili, mahali pawili. Na kama kadi inakataa kuandikwa ilhali kidude kiko juu, huenda inakufa, maana kadi nyingine zikichoka hujifunga zenyewe. Hapo nakili kila kitu haraka, maswali baadaye.

Hatusemi kufuli haina kazi. Ukienda steshenari kusafisha picha, ile kompyuta imeshachomekwa fleshi za mji mzima, na kadi iliyofungwa virusi havina pa kujiandika. Lakini kijana wa pale anaweza kunakili harusi nzima wakati wewe unahesabu chenji. Peleka fleshi yenye zile picha tano unazotaka, kadi ibaki nyumbani.

Mwanamke wa Ruangwa na mwanamke wa Unguja katika jambo hili wanaelewana bila ya kufundishana. Unyago, kwa Wamwera na Wayao wa kule kama kwetu, una mlango wake na asiyehusika haingii. Siku ya kumwandaa bibi harusi ni hivyo hivyo: singo, hina, nywele wazi, mabega wazi, na bibi mmoja mkali amekaa mlangoni. Wanaume wote wanazuiwa. Halafu mtu mmoja anatoka na chumba kizima kwenye kadi yenye ukubwa wa stempu, na bibi wa mlangoni anamuaga kwa sahani ya pilau.

Rai yetu ni hii: kadi iwe ya bibi harusi mwenyewe. Inunuliwe na familia, iandikwe kwenye bajeti pamoja na hina. Mpiga picha, naye awe mwanamke kwa sherehe ya wanawake, aitie kwenye kamera yake, apige, kisha aitoe na kuikabidhi mbele ya somo au shangazi. Aulizwe pia kama kamera ina matundu mawili ya kadi, kwa sababu kamera nyingine huandika picha kote kuwili, na ile kadi ya pili huondoka na mwenyewe.

Kwa nini tusiridhike na "nimeshafuta, dada"? Kwa sababu picha iliyofutwa mara nyingi bado ipo mpaka iandikwe juu yake nyingine, na programu za kuirudisha zinapatikana bure. Kufomati kadi kwenye kamera huziondoa hata zile zenye alama ya ufunguo, lakini nazo mara nyingi zinaweza kufufuliwa vivyo hivyo.

Tunajua tutaambiwa tunamdhania mtu vibaya. Hapana. Mpiga picha anaweza kuwa mcha Mungu kuliko sisi sote, na kompyuta yake ikaibiwa, ikauzwa, au ikapelekwa kwa fundi asiyemjua. Tutaambiwa pia anahitaji picha za kutangazia kazi yake, na hilo ni haki yake ya kutafuta riziki. Apewe mikono yenye hina, ukumbi uliopambwa, nguo kwenye hanga. Uso wa mtu ni kwa ruhusa ya mwenye uso.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Ni vizuri kuijua. Ila picha ikishaingia kwenye simu za watu, hakuna tume itakayozunguka kuzitoa moja moja.

Kwa binti anayeolewa mbali na kwao, haya yote yamalizwe kabla ya safari. Kutoka Unguja kurudi Nachingwea kudai kadi ni boti, kisha basi la siku nzima. Kutumiwa kwa WhatsApp nako si badala, kwani picha hubanwa zikapoteza ubora, na zinapita kwenye simu nyingine njiani. Nakala moja iwe kwenye kompyuta yake, kadi iwe kwenye mkoba wake, na ya pili aachiwe mama, kwenye fleshi iliyofungwa ndani ya kanga, si kwenye simu ya mdogo wake.