Tohara Kambini: Ni Hiari ya Nani?

Hiari yashinda utumwa, walinena wahenga. Methali hii yafaa kukumbukwa kila inapotajwa tohara ya hiari ya kitabibu, hususan anayetahiriwa anapokuwa askari aliyeapa kutii.

Hoja ya kitabibu haina utata mkubwa. Majaribio yaliyofanywa Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Mnamo Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na Kenya ikaanzisha mpango wake mwaka 2008. Mapema mwaka uo huo Rwanda, ambako wanaume wengi hawakuwa na mila ya jando, ilitangaza kampeni ambayo wanajeshi walikuwa miongoni mwa walengwa wake wa kwanza.

Kinachosahauliwa ni moyo wa mwenye kutahiriwa. Watetezi aghalabu hurejelea Kisumu, ambako vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walifuatiliwa kwa miaka miwili bila kubainika kwamba tohara iliwapunguzia uwezo wa kujamiiana. Sawa. Lakini vijana hao walijitokeza wenyewe, wakaelezwa, wakakubali, na kila mmoja alikuwa huru kwenda zake. Kuruti hana uhuru huo. Rai ya mkubwa wake humfikia ikiwa amri, hata ikitamkwa kwa upole. Fauka ya hayo, bafu la kambini halina pazia: asiyetahiriwa hujulikana mapema, na mzaha wa wenzake huweza kumfuata hadi gwarideni. Akienda zahanati ili kuukimbia mzaha huo, je, amekwenda kwa hiari?

Kidonda huchukua wiki sita hivi kupona. Aibu, hasira na hisia ya kunyang'anywa kiungo huweza kudumu zaidi, hasa kwa mtu mzima ambaye utu uzima wake ulikwisha kutambuliwa kwa njia nyingine. Kwa Waluo, kwa mfano, alama hiyo ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Aliyetahiriwa jandoni maumivu yake yalikuwa na nyimbo, kungwi na marika. Askari hupewa fomu ya kutia sahihi.

Hata lugha haimsitiri. Tohara ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ni usafi, hivyo asiyetahiriwa huhukumiwa kuwa mchafu kabla hajafungua kinywa.

Wakenya wana sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume Waluo walitahiriwa kwa nguvu. Januari 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikataa kuyaita matendo hayo ukatili wa kingono, ikayaweka katika fungu la matendo mengine ya kinyama. Mpango wa hiari ulipoanza, basi, kisu kilikuwa kimekwisha kupata maana ambayo daktari hakuikusudia.

Haya hayatoshi kuipinga tohara. Yanatosha kudai kwamba kambini ushauri utolewe faraghani na mhudumu wa afya asiye na cheo juu ya askari, na kwamba mhudumu huyo amwone tena miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, amuulize hali ya moyo wake. Daftari la waliokataa lisiwepo kabisa.