Kuzima Kinga Si Kutengeneza

Toka Nathenje mpaka Dzaleka, fundi akiona mashine pepe zimekuwa nzito baada ya kiraka cha usalama, dawa yake ni moja: zima kinga, kazi iendelee. Wanafunzi wenzangu wameimeza dawa hiyo bila maji. Mimi naipinga.

Sikatai kwamba viraka huumiza. Meltdown na Spectre, udhaifu wa prosesa uliotangazwa Januari 2018, ulizibwa kwa haraka, na tarehe 22 ya mwezi huohuo Intel yenyewe iliwaambia watu wasitishe kusambaza toleo lake, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha ovyo. Kiraka cha Meltdown kilitenganisha majedwali ya kumbukumbu ya kiini cha mfumo na yale ya programu. Kila vinapopokezana, prosesa hulazimika kufuta anwani ilizokwisha kuzikariri na kuanza upya. Uzito unatoka hapo.

Ila prosesa za Intel tangu kama mwaka 2010 zina uwezo uitwao PCID: kila anwani hupewa alama ya mwenyewe, hivyo hakuna haja ya kufuta. QEMU, ukiiambia iige prosesa ya Westmere au SandyBridge, haiipatii mashine pepe uwezo huo mpaka uutaje. Na kompyuta zetu, nyingi za msaada, ni za rika hilohilo. Neno moja tu, pcid, kwenye mipangilio! Lakini anayekimbilia kuzima hatalifikia, maana hakuuliza nini kimebadilika.

Watanijibu: nani atushambulie sisi wakimbizi, tuna nini cha kuibiwa? Swali hilo linaniudhi kuliko yote. Watafiti wa Google walionyesha kwamba kwa njia ya Spectre mashine pepe yaweza kusoma kumbukumbu ya seva inayoibeba. Basi anayezima kinga ya seva anawafungulia mlango majirani wote waliomo. Tangu 1994 Dzaleka imepokea watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, na wazazi wetu wengi walikimbia wakijua jina kwenye orodha linaweza kumfanyia mtu nini. Majina hayo leo yamo kwenye seva.

Walimu wetu nao waache kutoa alama kwa mashine inayokimbia tu. Mwanafunzi aeleze kiraka kipi kilileta uzito, kwa kipimo cha kabla na baada, kinga zikiwa zimewashwa.