Esanse haifungwi kwa sabuni

Ndugu wafanyakazi, motokari ya zamani ikivuja esanse, wengi wetu hupaka tiyo sabuni na kuifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Kwa maoni yetu, huko ni kucheza na moto. Esanse hulainisha mpira huo, na kuvuja kunarudi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini uani mpaka kwenye mbabula ya mama.

Basi, sogezeni mbabula mbali, zimeni sigara. Motere ipoe kwanza. Ondoa waya wa batri. Kata tiyo mbovu, tia mpya iliyofanywa kwa esanse, pamoja na kolie mpya.

Tiyo hununuliwa sokoni. Ngozi ya mtoto hainunuliwi.