Butura si mkataba: mwenye fedha aanze na karatasi

Kila mwaka, katika miezi ya kwanza kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa, kuna biashara kubwa inayofanyika Bukoba na Muleba bila mizani, bila ghala na bila stakabadhi. Mkulima ana ada ya shule, ana mgonjwa au amefikwa na msiba. Kahawa bado iko mtini. Mwenye fedha anafika, anaitazama shamba, wanakubaliana madebe kadhaa ya maganda, anatoa noti na kuondoka. Hiyo ndiyo butura. Ilikuwapo enzi za chama kikuu cha ushirika, ikavuka soko huria lililoruhusu wanunuzi binafsi miaka ya 1990, na haikufa hata pale serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya msingi.

Mengi yamesemwa kuhusu mkulima anayenyonywa na butura, na ni kweli tupu. Lakini ukurasa huu husomwa zaidi na upande wa pili: mwenye duka pale Ijuganyondo, mwalimu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, mama wa dagaa aliyeweka akiba ya miaka mitatu. Wengi wao wameshawishika kwamba butura ni faida ya haraka. Kwao tunasema bila kuzunguka: fedha inayotolewa kwa njia hiyo haina ulinzi wa sheria. Anayeiingiza huko anacheza bahati nasibu, na siku ikimgeuka hatapata wa kumwendea.

UNANUNUA AU UNAKOPESHA?

Swali la kwanza ambalo wakili yeyote makini atakuuliza ni hili: siku ile ulipotoa fedha, ulikuwa unafanya nini? Kuna majibu mawili tu, na yote mawili yana matatizo.

Ukisema ulikuwa unanunua kahawa, utaulizwa leseni. Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001 iliweka biashara hii chini ya Bodi ya Kahawa, na mnunuzi lazima awe na leseni na afuate njia ya mauzo iliyowekwa kwa msimu husika. Butura yenyewe imepigwa marufuku na viongozi wa mkoa mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kudai hakusikia.

Ukisema hapana, ulikuwa unakopesha na kahawa ilikuwa njia ya kurejesha tu, unaangukia mikononi mwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Kumkopesha jirani mara moja kwa wema ni jambo moja. Kuzunguka vijiji vitano na mfuko wa fedha kila Februari ni biashara.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mkataba ambao lengo lake au malipo yake ni haramu ni batili. Mahakama haitasaidia upande wowote kutekeleza jambo lililokatazwa. Kwa hiyo ile karatasi ya daftari yenye dole gumba la mkulima na sahihi ya balozi, ambayo mnunuzi anaikunja na kuificha chini ya godoro, yaweza kugeuka ushahidi dhidi yake mwenyewe.

MTI MMOJA, WANUNUZI WATATU

Tuseme leseni ipo na njia ya mauzo ni halali. Bado kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Kahawa iliyo mtini, katika macho ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni bidhaa ya baadaye. Huwezi kuimiliki leo. Unachokuwa nacho ni ahadi ya kuuziwa itakapopatikana, wala si kahawa.

Tofauti hiyo inaonekana pale mkulima anapoahidi mti mmoja kwa watu watatu, jambo ambalo kila mtu wa Kagera amelisikia. Yule wa kwanza huja na hasira akitaka magunia yakamatwe ghalani kwa yule wa tatu. Hawezi. Umiliki haukuwahi kumfikia. Yule wa tatu aliyenunua kihalali, akapima na kulipa, ndiye mwenye mali. Wa kwanza amebaki na madai ya fedha dhidi ya mkulima, na mkulima huyo ndiye aliyekuwa hana ada ya shule mwezi Februari.

Sheria hiyohiyo ina kifungu cha zamani kinachostahili kujulikana na kila muuzaji. Kinasema mauzo ya bidhaa za thamani ya kuanzia sh. 200 hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa malipo fulani ya kufunga makubaliano, au kuna maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa. Zilipoandikwa, sh. 200 zilikuwa fedha nyingi. Leo hazinunui hata mkungu wa ndizi. Maana yake ni kwamba karibu kila mzigo unaopita katika soko la Bukoba umo ndani ya kifungu hicho, na makubaliano ya mdomo matupu yana hatari.

BEI IKIPANDA

Ugomvi mkubwa wa mikataba ya mazao huzaliwa bei inapobadilika. Ikipanda, mkulima au dalali anatafuta njia ya kutoroka. Ikishuka, mnunuzi anazima simu. Wakulima wa vanila wa mkoa huu wanalijua vizuri hili la pili.

Wafanyabiashara hujaribu kujikinga kwa kuandika adhabu kali: asipoleta gunia kumi, atalipa ishirini. Wasijidanganye. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama uwezo wa kutoa fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Kile kiwango cha kutisha ni dari, wala si ahadi. Kifungu cha 73 ndicho kinachopima hasara halisi.

Chukua mfano. Mmekubaliana kilo 1,000 kwa sh. 2,000 kila kilo. Siku ya kupeleka, bei halali ya soko ni sh. 3,000 na muuzaji hakuleta. Hasara yako ni tofauti ya sh. 1,000 kwa kilo, yaani sh. milioni moja, pamoja na malipo ya awali kama uliyatoa. Lakini lazima uthibitishe mambo matatu: bei mliyokubaliana, bei ya soko siku hiyo, na kwamba hukukaa tu ukiiacha hasara ikue. Asiyeweka kumbukumbu za bei za kila wiki hawezi kuthibitisha la pili.

DHAMANA YA KIBANJA

Wapo wanaosema, "Mimi siogopi, nimeshika kibanja chake." Hapa tuwakumbushe kesi iliyotoka papa hapa kwetu. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwa sh. 300,000. Ndugu wa ukoo akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubali na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mauzo yalikuwa halali, kwa kuwa mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki zilizomo katika Katiba.

Wengi huikumbuka hukumu hiyo kwa ajili ya haki za wanawake, na inastahili. Mfanyabiashara aisome na upande wake wa pili. Mahakama ilisema pia kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo, awe ameuza mwanamume au mwanamke, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kumlipa mnunuzi bei aliyotoa. Ndugu yule akapewa miezi sita kufanya hivyo. Mnunuzi, ambaye hakuwa na kosa, alipita mahakama tatu kabla ya kujua hatima ya fedha yake.

Ongeza hapo kwamba sheria zetu zinataka idhini ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kibanja kilichoandikwa na mzee peke yake, bila mke na bila ukoo kujua, ni dhamana ya kukupa usingizi mbaya.

MALI IKIHARIBIKA NJIANI

Septemba 10, 2016 tetemeko liliitikisa Bukoba, likaua watu na kubomoa majengo mengi. Siku kama hiyo, mzigo uliolipiwa lakini bado uko ghalani kwa muuzaji ni wa nani? Kanuni ya sheria ni kwamba, kama hamkukubaliana vingine, hatari hufuata umiliki. Aliye na umiliki ndiye anayelia. Kama magunia yako yalikwisha kutengwa na kuwekewa alama yako, huenda yameharibikia mikononi mwako ingawa hujayagusa. Kama yalikuwa bado yamechanganyika na mengine, hayajawa yako. Sentensi moja katika mkataba, inayosema hatari inahamia lini, ingemaliza ubishi wote.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, hakikisha leseni yako na njia ya mauzo ya msimu huo kabla ya kutoa hata senti moja. Unayeshughulika naye akiwa kampuni, mtafute katika kumbukumbu za BRELA ujue wakurugenzi wake ni akina nani.

Pili, andika. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo hakuna sababu ya mkataba wa Kiingereza ambao pande zote mbili hawauelewi. Ukurasa mmoja watosha: majina kamili, bidhaa na ubora wake, kipimo kwa kilo na si kwa debe, bei au njia ya kuipata, siku na mahali pa kupokea, nani anabeba hatari, na ugomvi ukitokea mtaanzia wapi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na maslahi, na jambo hilo liandikwe.

Tatu, lipa kwa benki au kwa simu, na utunze ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu hizo kama ushahidi.

Nne, mwulize wakili kama hati yako inatozwa ushuru wa stempu. Hati inayotakiwa kulipiwa ikakosa stempu hukataliwa mahakamani mpaka ushuru na faini vilipwe.

Tano, ukidhulumiwa usikimbilie polisi kama mkusanya madeni. Kushindwa kulipa deni si jinai. Ni jinai pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili kujipatia mali. Deni la mkataba lisilozidi sh. milioni 30 linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Wala usilale: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita.

NENO KWA MAWAKILI

Mawakili wetu nao wana sehemu yao. Wengi wanakaa ofisini wakisubiri kesi, na mfanyabiashara mdogo humwona wakili kama daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi: anaendewa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Mkataba wa ukurasa mmoja hauleti ada kubwa kama kesi ya miaka minne, hilo twalijua. Lakini wateja mia moja wenye mikataba midogo kila msimu ni kazi ya kudumu, na wakili anayekaa nusu siku kwa wiki karibu na chama cha msingi au soko atawapata kabla ya mwaka kwisha.

Vyama vya msingi na vyama vya akiba na mikopo pia vijitazame. Butura inaishi kwa sababu mkulima anahitaji fedha mwezi Februari na hakuna pengine pa kuipata. Mwenye mtaji anayetaka kumsaidia mkulima na kupata faida afanye hivyo kupitia chombo chenye leseni ya kukopesha, au kwa stakabadhi za ghala chini ya sheria ya mwaka 2005, ambapo mkulima hukopa kwa kahawa iliyokwisha kupimwa. Faida yake haitafika ile ya butura. Lakini itakuwa faida unayoweza kuidai mchana, mbele ya hakimu, bila kuinamisha kichwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Msimu unakuja. Mwenye fedha atafute karatasi kwanza.