Kisu cha Kubebeshea: Kiwe Mfukoni Kila Siku, Kisimenye Chungwa

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa mazao na miche, leo tuzungumzie chombo kidogo ambacho wengi wetu Kibaha na Kisarawe hatuna, na baadhi ya walio nacho wanakitumia kama kisu cha jikoni. Ni kisu cha kukunja cha kubebeshea miche.

Kikiwa kimefungwa kinafanana na kisu chochote cha mfukoni. Kifungue, utaona mambo mawili ya ajabu. Kwanza, kimenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni bapa kama rula. Pili, vingi vina kiulimi kidogo kwenye mpini au mgongoni mwa kisu, cha kuinulia ganda la mti. Asiyekijua hudhani fundi alichoka kunoa akakiacha nusu.

Msimamo wangu ni huu: kama una mikorosho, miembe, michungwa au mihogo, kisu hiki kinastahili kukaa mfukoni mwako kila siku. Lakini ukikigeuza cha kumenyea machungwa, kukatia kamba na kufungulia magunia, ni bora fedha yako ungenunulia jembe.

Kwa nini upande mmoja?

Kubebesha ni kuunganisha ngozi mbili hai. Chini ya ganda la mche kuna utando mwembamba wa kijani. Utando wa kikonyo ukigusana na utando wa shina, vinaungana na maji yanapanda. Visipogusana, kikonyo kinakauka ukikitazama.

Kisu kilichonolewa pande zote mbili huelekea kuzama ndani au kuchomoka nje, hivyo mkato unakuwa na bonde. Ukiubana kwa nailoni unaona umeshikana, kumbe katikati kuna nafasi. Upande bapa wa kisu cha kubebeshea unalala juu ya kikonyo na kutoa mkato ulionyooka kwa mvuto mmoja. Siyo kuchonga kama penseli. Ni kuvuta mara moja, basi.

Kwa mkorosho mchanga wa wiki 6 hadi 8, chagua kikonyo chenye unene sawa na shina, kichonge mfano wa kabari, pasua shina, kiingize, funga kwa nailoni. Kwa mchungwa tunatumia jicho: unakata ganda la shina kwa umbo la herufi T, kisha kile kiulimi kinainua ganda bila kuchana utando. Kwa ncha ya kisu cha jikoni, mara nyingi unachana.

"Mbona wembe unatosha?"

Hoja hii naisikia sana, na ina ukweli. Wembe mpya unabebesha vizuri miche laini, na ni rahisi kuupata duka lolote, iwe Mlandizi au Maneromango. Kama unabebesha miche kumi kwa mwaka, tumia wembe. Ila kwenye kikonyo kilichokomaa wembe unapinda, mkato unapotoka, na vidole viko hatarini. Anayefanya biashara ya miche anahitaji mpini unaojaa mkononi. Piga hesabu mwenyewe: kati ya miche 100 uliyobebesha msimu uliopita, mingapi ilishika? Zidisha iliyokufa kwa bei unayouzia mche mmoja. Kisha linganisha na bei ya kisu.

Kazi yake ya pili: kuuliza mhogo

Hapa ndipo "kila siku" inapoingia. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mihogo si mgeni kwetu. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na mtafiti Storey aliyekuwa kituo cha Amani, Tanga. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kuonekana la kijani, mashina yamenenepa, kumbe ndani mizizi ina madoa makavu ya kahawia. Majani pekee hayatoshi kukupa jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchukua pingili za mbegu, au kabla ya kulipia shamba zima la mihogo kwa kuliangalia kwa macho, ng'oa mashina kadhaa sehemu mbalimbali za shamba. Kata kila mzizi mapande, siyo ncha tu, kwa sababu doa linaweza kuwa katikati. Ukiona kahawia, usichukue mbegu hapo. Mfanyabiashara, ukiwa na kisu mfukoni unafanya hivyo mbele ya mwenye shamba, bei inapangwa kwa ukweli na hakuna wa kumlaumu mwenzake gari likishafika sokoni.

Tuelewane jambo moja: michirizi ya kahawia na batobato huenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zenye ugonjwa. Kuosha kisu hakutaokoa mbegu mbovu. Kisu kinakusaidia kuona tu. Uamuzi ni wako.

Usafi si anasa

Yapo magonjwa ambayo kisu chenyewe huyabeba. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, husambaa kwa panga na visu vinavyotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Bakteria wa kuunguza mihogo nao husafiri kwa vyombo vya kukatia. Hivyo:

- Futa kisu kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuhamia kwenye mti mama mwingine.
- Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo, changanya sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kisha suuza na ukaushe, maana inaleta kutu.
- Utomvu wa mwembe na mkorosho ufute mapema kabla haujaganda.
- Jioni paka tone la mafuta kwenye bawaba. Hewa yetu ya Pwani haina huruma na chuma.
- Noa upande wenye mteremko tu. Upande bapa ulaze kwenye kinoo na upitishe mara moja au mbili kuondoa kinyuzi. Ukiunoa kwa kuinamisha, umeshakiharibu.

Na chakula? Kisu kilichopita kwenye spiriti, utomvu na udongo hakina kazi kwenye embe la mtoto. Kuwa na kingine.

Ukienda kununua

Kifungue na ukitikise: kikicheza kwenye bawaba, kiache. Chagua kinachojifunga kwa pete au kwa komeo, kisije kikakukunjikia vidoleni. Kama unatumia mkono wa kushoto, mwambie muuzaji, kwa sababu vingi vimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia, na kwako mkato utapotoka hata ukijitahidi vipi. Kijaribu kwenye kijiti kibichi: mkato uwe laini na usio na nyuzi.

Bei ikikulemea, nunueni kwa kikundi, lakini akabidhiwe mtu mmoja anayejua kukinoa. Kisu cha watu wote hakinolewi na mtu.

Mwisho, kiheshimu. Kiwe kimefungwa muda wote usiokitumia, watoto wasikifikie, na ukienda mkutanoni au mahali penye ukaguzi kiache nyumbani. Anza na miche mitano ya embe la kienyeji, ubebeshe kwa vikonyo vya mti unaoufahamu matunda yake. Ukikwama, mfuate afisa ugani wa kata yako na mche wako mkononi. Akuoneshe kwa vitendo, kisha na wewe ukate mbele yake.