Chama cha gemu nacho kinahitaji makufuli matatu

Februari 2009, Band of Brothers ilikuwa moja ya timu zilizoogopwa zaidi kwenye EVE Online, gemu ya vita vya anga za juu inayotengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Ilikuwa na meli za kivita, fedha, eneo lake lililoitwa Delve na sifa ya kutesa wapinzani kwa miaka.

Ikavunjika ndani ya siku moja, na wala haikupigwa bao. Mkurugenzi wake mmoja aliamua kuhamia kwa mahasimu wao wakubwa, GoonSwarm. Kabla ya kuondoka alitumia madaraka ambayo chama chenyewe kilikuwa kimempa. Akabeba mali na fedha alizoweza kuzifikia, kisha akauvunja muungano mzima. Mahasimu wakawahi kulisajili jina lile lile, wenyewe wakashindwa hata kurudi na jina lao. Walipojipanga upya kwa jina jingine, ulinzi wa eneo lao ulikuwa umeshapotea pamoja na jina la zamani. Vita vilivyofuata waliipoteza Delve.

Piga picha mjumbe mmoja wa kamati ya utendaji ya timu yako anaamka na hasira, anashika simu, anaifuta klabu kwenye daftari la usajili. Asubuhi unakuta watani wa jadi wameshalisajili jina. Mtaani kungekalika?

Tunaliandika hili kwenye kurasa za michezo kwa sababu vijana wanaosoma kurasa hizi ndio hao hao wanaocheza. Mechi ikiisha, simu inafunguliwa, watu wanaingia vitani. Gemu nyingi za kucheza kwa pamoja zinawapa wachezaji nafasi ya kuunda timu ya kudumu yenye kiongozi, manaibu, wanachama na hazina. Wenyewe wanaziita gildi, klani au majina mengine. Sisi tuziite chama, neno ambalo shabiki wa soka analijua vizuri. Hapa simzungumzii Clatous Chama.

Chama cha namna hii kina kazi kama klabu. Kuna kusajili, kupanga kikosi, kujua nani amekuja mazoezini na nani ametega, kugawa mali na kusuluhisha ugomvi. Tofauti ni kwamba klabu ya soka ina katiba, mkutano mkuu na saini zaidi ya moja benki. Vyama vingi vya kwenye gemu vina mtu mmoja na kitufe.

Chukua Clash of Clans, gemu ya kampuni ya Supercell ya Finland iliyotoka 2012. Chama kimoja kinabeba hadi watu 50. Kuna kiongozi, manaibu, wazee na wanachama wa kawaida. Naibu ana uwezo wa kuwafukuza wazee na wanachama. Ukimpandisha cheo mtu leo kwa sababu anapiga vita vizuri, umempa pia uwezo wa kuwatimua wenzake mmoja baada ya mwingine siku akinuna. Ni kama kumkabidhi straika ufunguo wa ofisi ya klabu kwa sababu amefunga hat-trick.

Baadhi ya kampuni zimeonyesha kwamba tatizo hili linatibika. World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard ya Marekani ilianza 2004 bila hazina ya chama. Wanachama walikuwa wanamwachia mmoja wao mali yote aitunze, wanaomba Mungu asibadilike. Novemba 2007 ikaletwa benki ya chama. Kiongozi akapewa uwezo wa kupanga kila cheo kitoe kiasi gani kwa siku, na pakawekwa daftari linaloonyesha nani ameweka na nani ametoa. Kitu kidogo tu, lakini kinapunguza maneno. Mali ikipotea mnafungua daftari.

Kwingine wachezaji wenyewe ndio walioziba pengo. Kwenye EverQuest, gemu iliyotoka 1999, makundi makubwa yaliona ugomvi wa kugawa mali baada ya vita unawamaliza. Wakabuni hesabu ya pointi: ukihudhuria unapata, ukichukua mali pointi zinapungua. Mfumo huo ukasambaa kwenye gemu nyingine nyingi. Jambo la kujiuliza ni kwa nini watu wanaolipia gemu waachiwe kazi ya kuchora majedwali nje ya gemu ili chama kiende.

Nje ya gemu ndipo viongozi wengi walipo hata leo. Ratiba iko kwenye grupu la WhatsApp, mahudhurio kwenye daftari, malalamiko kwenye Discord. Kiongozi anafanya kazi ya katibu, mhasibu na kocha bila kulipwa hata senti. Siku akichoka au akipoteza simu, chama kinabaki yatima.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii. Kampuni za gemu ziache kukiona chama kama orodha ya majina yenye sehemu ya kuchati. Zikipe vifaa vya kujiongoza, na tunaanza na vinne.

Kwanza, hazina iwe na ukomo kwa kila cheo na daftari ambalo kila mwanachama analiona. Pili, vyeo vitenganishwe. Anayepanga kikosi asiwe lazima ndiye anayeshika fedha, na anayesajili asiwe lazima na uwezo wa kufukuza. Tatu, uamuzi usiorudi nyuma, kama kuvunja chama, kuhamisha mali yote au kufukuza watu wengi kwa mpigo, uhitaji kibali cha zaidi ya mtu mmoja na muda wa kusubiri, hata saa 72 tu, huku wanachama wote wakipewa taarifa. Nne, kiongozi akipotea kwa muda uliotajwa, pawe na utaratibu wa kumpata mrithi, ikiwezekana kwa kura.

Hayo si mambo mageni kwetu. Mama zetu kwenye VICOBA wanayajua kitambo. Sanduku la kikundi lina makufuli matatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake chumbani. Kinachofanywa na sanduku la bati Mbagala kampuni yenye wahandisi wake haiwezi kusema inashindwa.

Wapo watakaosema usaliti ndio utamu wa gemu. Kwa EVE Online wana hoja, maana gemu ile inaruhusu ujasusi na utapeli, na stori kama ya 2009 ndizo zimeipa jina duniani. Tunalikubali hilo. Ila hata soka inaruhusu ujanja. Straika ana haki ya kumzunguka beki, hana haki ya kuondoka na nguzo za goli. Jasusi akitaka kukiangusha chama, atafute njia ya kuwapita watu watatu. Stori yake itakuwa tamu zaidi.

Na ugonjwa wenyewe haukuisha 2009. Septemba 2017, kwenye EVE hiyo hiyo, muungano wa Circle of Two ulisalitiwa na mmoja wa viongozi wake. Fedha zikaondoka na ngome yake kubwa ikahamishiwa kwa wengine. Miaka minane imepita, mtu mmoja bado ana funguo zote.

Wachezaji nao wasikae kimya. Tangu 2008 wachezaji wa EVE wanapiga kura kuchagua wawakilishi wao wa kuishauri CCP. Huko ndiko pa kulipeleka suala kama hili. Wa gemu nyingine waandike kwenye maoni, waulize kabla ya kununua, wakatae kuweka fedha kwenye chama kisicho na daftari.

Sisi wa Simba na Yanga tumebishana mpaka usiku kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Tulikuwa tunauliza swali moja: chama ni cha nani? Kijana anayekesha na wenzake 49 kujenga chama kwenye simu ana haki ya kuuliza swali hilo hilo, na kampuni iliyomuuzia gemu inapaswa kumjibu.