Mwenye Pumu na Riziki Yake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huu watufaa leo tunapotaka kusema juu ya ndugu zetu wenye maradhi ya pumu, maana mtu avutaye pumzi bila ya taabu hajui kwamba pumzi ni mali. Thamani yake huijua yule aamkaye usiku wa manane, akaketi kitandani ameshika magoti, kifua kikilia kama filimbi, akingoja kupambazuke.

Tunaitaja Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida. Pumu si ya huko peke yake, la hasha. Bali huko mambo yote tutakayoyasema hukutana mahali pamoja. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega yapita papo hapo, na malori yaelekeayo mpaka wa Rusumo na nchi ya Rwanda huifuata barabara hiyo usiku na mchana. Wenyeji ni wakulima wa alizeti, mtama na uwele. Mvua zikiisha, upepo wa kiangazi huanza, na vumbi nalo halibaki nyuma. Alizeti huvunwa, hupigwa kwa fimbo, hupepetwa. Na jioni chakula hupikwa kwa kuni. Basi vumbi, upepo na moshi, ambavyo ni adui watatu wa mwenye pumu, ndivyo vilivyo pale pale anapoitafuta riziki yake.

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Haukupita muda mrefu, msimu wa kuvuna alizeti ukawadia. Jirani zetu wa Rwanda na Uganda waliwaamuru watu wakae majumbani, na Kenya ikakataza kutembea usiku. Hapa kwetu watu hawakufungiwa. Ilisemwa kwamba mtu alaye leo kwa kibarua cha leo hawezi kuwekwa ndani akaishi. Sababu hiyo ilikuwa na uzito, wala hatuibezi. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa watu wote haukuwa salama sawasawa kwa watu wote.

Mfikirie, ndugu msomaji, mama mmoja mwenye pumu, apepetaye alizeti za watu kwa ujira wa siku. Alisikia redioni kwamba wenye maradhi ya kifua wamo katika hatari kubwa, na yafaa wajitenge. Ajitenge vipi? Akibaki nyumbani, jioni hakuna unga. Akienda kazini, vumbi lamngoja, na watu wamesongamana. Akifunga barakoa, aona pumzi yazidi kuwa nzito, akiivua, aogopa. Na akikohoa kikohozi chake kile cha miaka yote, wenzake wamkimbia, na mwenye mazao amwambia arudi akipona. Kumbe hakuwa na Korona hata kidogo! Alipoteza kazi kwa maradhi asiyokuwa nayo.

Yalikuwapo pia mambo ya kujifukiza. Tukiheshimu desturi za wazee wetu, hatuna budi kusema lililo kweli: mvuke mkali na harufu kali huweza kukibana zaidi kifua cha mwenye pumu, na chungu cha maji yanayochemka kimewahi kuunguza wengi. Dawa ya jirani si lazima iwe dawa yako.

Basi tumejifunza nini tangu wakati ule? Tumejifunza neno moja kubwa. Wataalamu wa nchi nyingi walipowachunguza wagonjwa, waliona kwamba mwenye pumu iliyotulizwa vizuri kwa dawa hakuwa katika hatari ya kufa kwa Korona iliyozidi sana ile ya watu wengine. Aliyekuwa hatarini ni yule ambaye pumu yake haikutulizwa, aliyekuwa akishikwa mara kwa mara hata akahitaji vidonge vikali au kulazwa. Maana yake ni kwamba ngao ya mwenye pumu hutengenezwa kabla ya vita, siku ambazo hakuna tangazo lolote redioni.

Ngao hiyo yajulikana. Dawa za kuvuta, zile ambazo watu huziita inhela, ni za namna mbili. Moja hufungua kifua kilichokwisha kubana, kama ile iitwayo salbutamol. Ya pili, kama beclometasone, huvutwa kila siku ili kifua kisibane. Ya kwanza huzima moto. Ya pili huzuia moto usiwake. Wengi wetu twaijua ya kwanza tu, na wengine hata hiyo hawana. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo lakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo, walio wengi katika nchi zenye kipato kidogo. Hawakufa kwa kuwa dawa haikujulikana. Walikufa kwa kuwa haikuwafikia.

Wala si kila kitu ni cha gharama. Chombo cha kusaidia mtoto avute dawa vizuri chaweza kutengenezwa kwa chupa tupu ya maji ya nusu lita. Watafiti wa Afrika Kusini walikwisha kuonyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo, ikitobolewa na kuzibwa sawasawa, hufanya kazi kama kile cha dukani. Mganga wa zahanati aweza kumfundisha mama kwa dakika chache.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, dawa ya kuzuia pumu isikosekane katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, dawa hii isiachwe nje. Mtu akishikwa usiku mmoja, hulipa pikipiki, hulipa matibabu, na hupoteza siku za kazi. Hasara hiyo yazidi sana bei ya kinga.

Pili, wenye mazao na wenye mashine za kukamua mafuta wawe na utu. Mwenye pumu asifukuzwe kwa kukohoa. Apewe kazi ya kupima magunia au kuandika hesabu. Na ikiwa ni lazima apepete, asimame upande utokako upepo. Jambo hili halimgharimu mwenye mali hata senti moja.

Tatu, serikali za vijiji ziwajue watu hawa mapema, ili siku ya hatari mwito wa kujitenga ufuatane na debe la unga. Kumwambia mtu akae ndani bila ya chakula ni kumwambia achague njia ya kufa.

Nao wenye pumu wana wajibu wao. Wasiache dawa kwa sababu wiki hii wamepumua vizuri. Na chanjo ikiletwa wasitishwe na uvumi. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alichanjwa mbele ya macho ya taifa tarehe 28 Julai 2021.

Dharura ya Korona ilitangazwa kwisha duniani tarehe 5 Mei 2023. Lakini maradhi hayajaacha kubisha hodi: Marburg iliingia Mkoa wa Kagera mwaka 2023, ikarudi tena mwaka 2025. Siku moja utakuja tena ugonjwa wa kifua, na huenda ukapita barabara ile ile ya malori. Tangu mwanzo wa uhuru tuliambiwa kwamba ujinga, maradhi na umaskini ni adui zetu. Katika kifua cha mwenye pumu adui hao watatu hukaa pamoja. Tusingoje filimbi ilie ndipo tuanze kutafuta dawa.